Uzi: Nyimbo tuzipendazo zasema nini kuhusu sisi? Tupime kwa sikio, si kwa bendera

MpigaVumi (mleta uzi)

Wakuu, Siku ya Jamhuri yakaribia na mabishano ya kila Desemba yameanza kwenye magrupu: wimbo upi ndio "wa Kenya" hasa? Kila mtu ataja wimbo wenye jina la nchi ndani yake. Mie siko huko. Wimbo wa kuisifu nchi waonyesha vile nchi ipendavyo kuonekana, kama picha ya studio: umechana nywele, umeinua kidevu. Tabia yenyewe imo kwenye nyimbo ambazo hazikuitaja Kenya hata mara moja, na watu waziimba bila kuambiwa wasimame.

Na ukizitega sikio nyimbo hizo, nyingi ni malalamiko. Si makelele wala matusi. Ni mtu analalama kwa adabu, na wenziwe wacheza.

Tazama. "Malaika" iliyorekodiwa na Fadhili William miaka ya mwanzo ya 1960: kijana hana mahari, basi. "Sina Makosa" ya Les Wanyika, kundi lililojitenga na Simba Wanyika mwaka 1978: mtu auliza chuki hii ya nini, ilhali kila mmoja ana wake nyumbani. "Majengo Siendi Tena" ya Fundi Konde, mwana wa Kilifi: mtu kaapa hatarudi mahali. Majengo ipo Mombasa, ipo Nairobi, kwa hivyo kila mtu aona kiapo ni cha mtaa wake. Hakuna hata moja iliyoandikwa kwa ajili ya taifa.

Kipimo changu ni hiki, na chaweza kufanywa na dijei yeyote kwenye harusi leo usiku. Wimbo ukifika kiitikio, shusha sauti yote kwenye miksa, polepole, kwa sekunde mbili hivi. Ukikata ghafla watu hudhani stima imepotea na wataacha kuimba. Kisha hesabu. Wakiendelea mistari minne kamili bila ala, na mwendo haukulegea, wimbo huo ni wao. Wakifika mistari miwili wakacheka, ni wimbo wa redio tu. Jambo la pili ni kusikiliza mstari upi wapigiwa kelele zaidi. Kwenye "Malaika" si ule wa kutaja jina la mpenzi. Ni ule wa kukosa mali.

Karibuni tupingane.

---

BintiKibokoni

Kaka, umeanza vizuri lakini umeruka wimbo ambao dunia nzima yatujua kwao. "Jambo Bwana" wa Them Mushrooms, 1982. Vijana wa pwani hii hii, na huo si wa kulalama hata kidogo. Wageni wakaribishwa, nchi nzuri, hakuna matata. Utauweka wapi?

---

MpigaVumi

Bi dada, huo nimeuacha makusudi. Wasemwa na nani, kwa nani? Na mwenyeji, kwa mgeni. Ufanyie kipimo Kongowea uone. Watu wataimba, ndiyo, lakini kwa sauti ya kuigiza, kama wamevaa vitenge vya kupokelea watalii.

---

Mizani8na8

Naingia hapo kwa sarufi. Mpwani akimsalimu mtu husema "hujambo?" na jibu ni "sijambo". "Jambo" peke yake ni ya kumpa mgeni asiyejua viambishi. Habari nayo ni "nzuri", si "mzuri". Na hilo "hakuna matata", keti baraza yoyote ya Mji wa Kale kuanzia alasiri hadi isha, utasikia "hamna neno", "si kitu", "hakuna shida". Matata hayatajwi.

Wengi huona hayo ni makosa ya mtunzi. Si makosa. Teddy Kalanda ni mtu wa pwani, Kiswahili akijua. Wimbo ule ulitungwa kwa masikio ya hoteli, na ulipimwa ili mtu aliyefika juzi aweze kuushika kabla hajarudi kwao: maneno mafupi, kiitikio kinarudi haraka, mishiko mitatu ya gitaa tu. Ni kazi ya ufundi. Na kupokea mgeni kwa lugha anayoiweza, hata ukaivunja yako kidogo, hiyo nayo ni tabia ya Mombasa tangu zama za majahazi. Kwa hivyo MpigaVumi, usiutupe. Huo ni uso wetu wa kazini. Mtu ana uso wa kazini na uso wa nyumbani, na zote ni zake.

---

MpigaVumi

Uso wa kazini. Hiyo naichukua, maalim.

---

KijanaWaBara

Mimi niko Mombasa kikazi na nawaheshimu, lakini naona mnafanya pwani ndiyo Kenya. Wimbo uliotikisa nchi nzima kwa umri wetu ni "Unbwogable" wa Gidi Gidi Maji Maji, 2002. Angalieni neno lenyewe. Katikati kuna "bwogo", Kijaluo cha kutisha mtu. Mbele na nyuma limefungwa viambishi vya Kiingereza. Likaimbwa na Mkikuyu, Mkamba, Mtaita, mpaka mikutano ya kampeni ya NARC, muungano wa upinzani, ikalichukua. Hakuna aliyetafsiriwa, kila mtu alielewa. Neno moja, lugha mbili, na waimbaji wa kabila lolote. Kama hiyo si tabia ya Mkenya sijui ni nini. Na si malalamiko, ni majigambo.

---

BintiKibokoni

Majigambo ya mtu anayetishwa, lakini. Asiyetishwa hana haja ya kusema hatishiki 😄

---

KijanaWaBara

Sawa, hapo umenishika. Ila si ya adabu.

---

Mizani8na8

Neno "adabu" linahitaji kufafanuliwa, maana mwenye uzi kalitupa kama kila mtu ajua maana yake. Kwa Waswahili adabu ya malalamiko ni fumbo: kusema jambo zima bila kumtaja mtu. Na fumbo lina vipimo vyake, si kusema kwa kuzunguka tu.

Wimbo wa taarab wa asili huja kwa beti za mistari mitatu. Kila mstari una vipande viwili, mizani nane kila kipande. Kina cha kati kimoja na kina cha mwisho kimoja, vyote vyatembea beti nzima. Natunga mfano hapa hapa ili tusibishane juu ya wimbo wa mtu:

*Kisima nilichochimba, maji wanywa majirani,*
*na ndoo yangu na kamba, zimebaki ukutani,*
*hakuna aliyeomba, nimdai basi nani?*

Hesabuni kwa vidole: ki-si-ma-ni-li-cho-chi-mba, nane. Ma-ji-wa-nywa-ma-ji-ra-ni, nane. Kumbukeni kwenye "nimdai" ile m ni silabi kamili: ni-m-da-i. Wengi huihesabu pamoja na da, wanapata saba, kisha wanaongeza neno la kujazia, na mstari waharibika.

Sasa ubeti huu ni wa kisima? Kwa mwanamke aliyechukuliwa mume ni wa mume. Kwa aliyenyang'anywa shamba ni wa shamba. Kwa mwenye bandari... naishia hapo. Mwimbaji halaumiwi, kaimba kisima. Aliyetaka ujumbe uende huinuka, hucheza hadi mbele, humtuza mwimbaji kwenye mstari ule ule unaomhusu mtu fulani aliyeketi pale. Noti yenyewe ya pesa ndiyo inayotaja jina. Ukituza mapema au ukachelewa mstari mmoja, ujumbe umekwenda kwa mwengine na kesho kuna maneno mtaani.

Marehemu Juma Bhalo na binamuye Ahmad Nassir, huyu wa pili ndiye Malenga wa Mvita, walijua haya vizuri. Mmoja malenga, mwengine sauti. Ndiyo maana nyimbo zile bado zatumika kupelekeana salamu za uchungu: fumbo lililopimwa sawasawa halichakai, kwa sababu halikufungwa kwa mtu mmoja.

---

KijanaWaBara

Nimeelewa na nimefurahi. Lakini swali langu liko pale pale. Hiyo ni tabia ya Mswahili wa Mombasa. Mtu wa Bomet hatuzi mtu kwa fumbo la kisima.

---

MtoMrefu

Mtu wa Bomet husimama wima kwa wimbo wa pwani kila siku ya kazi. Kijana, wimbo wa taifa umetoka wapi?

Sauti yake ni ya wimbo wa kubembelezea mtoto wa Wapokomo, mto Tana. Aliyeuleta ni Mzee Meza Moroa Galana. Wakati wa uhuru, 1963, kulikuwa na tume ya watu watano: Graham Hyslop, Thomas Kalume, Peter Kibukosya, Washington Omondi na George Senoga-Zake. Waliuchukua mwendo huo, wakautilia maneno na sauti za kwaya. Wangeweza kutunga kitu cha tarumbeta na miguu ya askari. Walichagua sauti ya mama na mtoto asiyetaka kulala.

Ndiyo sababu ya ile huzuni. Nyimbo nyingi za mataifa huchekelea. Huu wetu umekaa kwenye skeli ya maina, sauti ya mtu anayeomba. Na maneno yake yaanza kwa ombi. Ubeti wa kwanza, ukishaomba baraka, waomba haki, ndipo undugu, ndipo amani. Aliyepanga mpangilio ule alijua amani bila haki huwa ni kimya tu.

Kwa hivyo MpigaVumi, hoja yako ya "kulalama kwa adabu" ina ushahidi kuliko ulivyodhani. Hata wimbo rasmi umeingia humo.

---

MpigaVumi

Nimeketi chini. Hilo la mpangilio sikulitazama.

---

FundiMiksa

Nami niseme la mitambo, maana nyimbo hizi huharibiwa na watu wa spika kuliko na watu wa siasa.

Wimbo wa taifa kwenye hafla. Kosa nambari moja ni sauti ya kuanzia. Kiongozi anashika maiki, ana wasiwasi, anaanza juu. Mstari wa kwanza wapita vizuri. Ukifika mahali sauti yapanda, wanaume wote washuka oktavu, wanawake wapiga mayowe, na watoto wanyamaza. Dawa: kabla ya hafla, tafuta noti ya juu kabisa ya wimbo kwenye kinanda na uhakikishe haipiti D, ile ya pili juu ya C ya katikati. Ukishapata hapo rudi nyuma hadi noti ya kwanza, hiyo ndiyo umpe kiongozi, mara mbili, sikioni mwake, si kwa spika.

Kosa la pili: mwendo. Umati huvuta. Watu mia tano uwanjani wakisikia spika iliyo mbali huimba nyuma ya spika hiyo, kisha kiongozi asikia umati uko nyuma naye apunguza, basi kila mtu amngoja mwenziwe, na ubeti wa tatu wawa kama mazishi. Kiongozi asimame akiutazama umati, apige mkono, asisikilize. Mwenye ngoma afuate mkono.

La tatu ni ubeti wa pili. Watu wajua wa kwanza, na wa tatu huongozwa na "Natujenge". Wa pili ni shimo. Mtakapoamua kuimba zote tatu, gawa karatasi.

Sasa "Malaika". Usiuchezee mwendo. Mabendi ya mahoteli huukimbiza ili watu wacheze, na ukipita mapigo 95 kwa dakika yale maneno ya mali na pesa hayana nafasi ya kutua. Kaa kati ya 80 na 90. Na msirekebishe Kiswahili chake. Kuna wanaoimba "pesa zinasumbua roho yangu". Hapana. Ni "zasumbua". Hesabu silabi: pe-sa-za-su-mbu-a-ro-ho-ya-ngu, kumi. Ukitia "zina" zawa kumi na moja na unalazimika kubana moja, kawaida watu hubana "roho", neno ambalo lilitakiwa kuvutwa.

---

Mizani8na8

Na hiyo "za-" ni kitambulisho. Ndivyo pwani isemavyo: wajua, yauma, zasumbua. Dunia nzima imeimba Kiswahili cha pwani bila kujua, kuanzia Miriam Makeba na Harry Belafonte 1965, Boney M 1981, hadi Angélique Kidjo.

---

Tanga_Mjini

Jirani zenu tumefika 👋 Kabla hamjaugeuza "Malaika" kuwa kitambulisho cha Kenya, kumbukeni umiliki wake una ubishi wa miaka mingi. Yuko Fadhili William aliyerekodi, yuko Adam Salim wa upande wetu, yuko pia Grant Charo. Na hiyo "Sina Makosa" mnayoishangilia, ile Simba Wanyika ilikotoka Les Wanyika iliongozwa na ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Peter Kinyonga. Hamuoni haya?

---

MpigaVumi

Karibu sana jirani, kiti hicho. Haya hatuoni, twakula sahani moja. Ila hilo lako lanisaidia: wimbo unaopendwa hauulizi pasipoti. Nairobi ndiko kulikokuwa na studio na viwanda vya santuri, kwa hivyo wanamuziki wa Tanga, Kongo na Zambia walikuja kurekodi huko. Tabia ya taifa kwa hesabu hiyo si ya aliyetunga, ni ya waliokubali. Tanzania nao wauimba "Malaika". Wauimbaje? Wakipiga kelele kwenye mstari gani?

---

Tanga_Mjini

Kwenye mali ule ule 😂 Shida ni moja.

Lakini nikupe tofauti. Kwetu wimbo wa "Tanzania, Tanzania, nakupenda kwa moyo wote" waimbwa na watu wazima kwa mapenzi ya kweli, bila kulazimishwa, hata kwenye msiba wa kitaifa. Na wimbo wenyewe wa taifa, "Mungu ibariki Afrika", sauti yake ni ya Enoch Sontonga wa Afrika Kusini, 1897, na yaanza kuibariki Afrika kabla ya Tanzania. Sisi twaweza kuisifu nchi mchana kweupe bila kuona soni. Nyinyi Wakenya mtu akiisifu nchi mnamuuliza analipwa na nani.

---

KijanaWaBara

Huyo jirani ametupiga picha bila filamu.

Na ushahidi wake upo. Eric Wainaina katika albamu moja, 2001, ana "Daima" wa uzalendo na "Nchi ya Kitu Kidogo" wa kuchapa wala rushwa. Mtu mmoja, mwaka mmoja. Huo wa kwanza hupigwa siku nchi imeumia. Wa pili hauhitaji siku, hupigwa tu.

---

Msafiri_Kilindini

Tutoke nje kidogo tuone kama ni sisi peke yetu.

Australia walipiga kura ya wimbo wa taifa mwaka 1977. Ulioshinda, "Advance Australia Fair", ulipata kama asilimia 43. Wa pili, asilimia 28, ulikuwa "Waltzing Matilda", maneno ya Banjo Paterson, 1895. Wahusu nini? Msaka kazi wa njiani aliyeiba kondoo, na polisi walipomjia akajitosa majini afe kuliko kukamatwa. Zaidi ya robo ya wapiga kura walitaka mwizi wa kondoo awawakilishe. Na mpaka leo uwanja ukijaa, ni huo waimbao kwa koo wazi.

Japani: "Ue o Muite Arukō" wa Kyu Sakamoto, 1961. Mtu atembea akitazama juu ili machozi yasimwagike. Na pale ambapo mwengine angelia, yeye apiga mbinja. Wamarekani waliupandisha hadi nambari moja mwaka 1963 wakiuita "Sukiyaki", jina la chakula cha nyama, halihusiani kabisa. Wimbo wa kuficha machozi ukauzwa kama mchuzi.

Ureno: usiku wa kuamkia tarehe 25 Aprili 1974, "Grândola, Vila Morena" wa José Afonso ulipigwa redioni kama ishara kwa wanajeshi waliokwenda kuangusha udikteta. Waimba udugu wa mji mdogo, bunduki haimo.

Kwa hivyo si Wakenya tu. Kinachobadilika ni namna: Mwaustralia hulalamikia askari, Mjapani hujizuia, Mkenya...

---

BintiKibokoni

Mkenya hulalamika kisha aomba wimbo urudiwe.

---

FundiMiksa

Na kurudiwa kwenyewe kuna sababu ya kimitambo, msicheke. Santuri ndogo ya mizunguko 45 hubeba kama dakika nne hadi tano upande mmoja. Nyimbo za kina Wanyika zilipita hapo, kwa hivyo zilikatwa: sehemu ya kwanza upande A, ya pili upande B. Upande A mtu anaeleza shida yake, maneno mengi, mwendo wa kutembea. Upande B maneno yapungua, gitaa la solo lafunguka, besi yazunguka. Yaani shida umeisikia, sasa geuza sahani tucheze.

Dijei wa siku hizi akaipata faili ya dakika tatu na nusu, iliyokatwa, akaipiga na kuizima pale pale maneno yaishapo. Malalamiko ameyabakiza, jibu amelitupa. Watu wakae chini wakiwa na huzuni, yeye ashangae sakafu iko tupu. Ukitaka "Sina Makosa" tafuta toleo kamili, na ukiwa na bendi, mpe mpiga gitaa la kati uhuru wa kurudia mzunguko wake usiopungua mara kumi na sita bila kubadili chochote. Hapo ndipo kazi ya wimbo. Vijana wa bendi hushindwa hapo hasa: wachoka mara ya sita, waanza kupamba, na mchezo wavunjika miguuni mwa watu.

---

Mizani8na8

Fundi, ukiwa hapo, tusaidie la taarab. Mabendi ya kinanda yaua nyimbo za udi za Zein l'Abdin kila wikendi.

---

FundiMiksa

Yaua kwa sababu ya noti za kati. Udi na fidla hazina vigingi vya kugawa noti shingoni, kidole hukaa popote. Kinanda kina nyeupe na nyeusi basi. Maqamu, yaani skeli za Kiarabu, ndizo zenye shida: Rast ikianzia C yataka E na B zishuke nusu ya hatua ile ndogo, yaani senti 50. Bayati ikianzia D yataka hiyo hiyo E. Vinanda vingi vya kati na vya bei vina sehemu ya kurekebisha skeli. Weka E na B senti 50 chini, hifadhi kama mpangilio wako, na maqamu zote mbili zaponea hapo. Kinanda chako kikiwa hakina, acha Rast na Bayati kabisa, piga nyimbo za Nahawand au Kurd, ambazo hazihitaji noti hizo.

Gitaa nalo likae mbali, au lipige noti za C na G tu, si mishiko. Likigusa E ya kawaida juu ya E iliyoshushwa, wazee watakuangalia kama umekanyaga mkeka kwa viatu. Mtu asiyejua muziki hatasema noti imekosea. Atasema tu "leo wimbo hauumi".

Na kama hauumi, mtuzaji hainuki. Bila mtuzaji fumbo halina pa kwenda.

---

KijanaWaBara

Basi nipeni mpangilio. Kuna hafla ya tarehe 12 ya watu wa mchanganyiko, bara na pwani, jioni, uwanja wazi, saa moja ya muziki. Bendi ina gitaa mbili, besi, kinanda, ngoma. Kinanda kina hiyo sehemu ya skeli, nimeuliza. Nini kianze?

---

MpigaVumi

Mimi ningesema hivi, wengine warekebishe. Wimbo wa taifa mwanzo, beti zote tatu, karatasi mkononi. Usiunganishe na wimbo mwengine; acha kimya cha sekunde kumi kamili. Kisha "Jambo Bwana", mapema, watu wakiwa bado wana uso wa kazini, kama alivyosema maalim. Dakika tatu zatosha. Kisha teremka nyumbani: "Malaika", halafu taarab moja ya fumbo. Baadaye "Unbwogable" kwa vijana, na umalizie kwa "Sina Makosa" kamili, na chakacha juu yake.

---

BintiKibokoni

Taarab baada ya "Malaika" itasinzisha. Nyimbo mbili za pole mfululizo jioni, wazee wataita tuktuk. Ingiza chakacha katikati, wanawake wainuke. Na msipige chakacha kwa ngoma ya bendi ya nne-nne, tafadhalini. Chakacha ni sita-nane. Msondo, vumi na chapuo zapokezana, hakuna hata moja inayopiga yote. Mpiga ngoma wa bendi akizitaka zote tatu kwa mikono miwili, achague: besi ngoma ishike vumi, mkono wa kushoto ushike chapuo, na msondo ampe mtu mwengine kwa mkono. Vinginevyo kiuno hakitapata pa kukaa.

---

MtoMrefu

Na taarab iende kabla ya "Malaika", si baada. Fumbo kwanza, uwazi baadaye. Mtu akishasikia "mali sina" hataki tena kuambiwa kisima.

---

FundiMiksa

Pia kwa sababu ya kinanda. Ukishashusha E na B kwa ajili ya taarab lazima urudishe kabla ya "Malaika", na watu husahau. Weka taarab, kisha chakacha ya ngoma tupu dakika nne; hizo dakika nne ndizo mpiga kinanda atumie kurudisha skeli. Mwandikie kwenye karatasi kwa herufi kubwa: RUDISHA. Akisahau, "Malaika" utaanza na E iliyoshuka na umati wote utaimba sawa wakati bendi haiko sawa.

---

KijanaWaBara

Umati utaimba sawa bila bendi?

---

FundiMiksa

"Malaika"? Bila shaka. Ikitokea hivyo zima bendi yote, usizime maiki.